Vipande adimu vya LEGO: kwa nini seti za wakusanyaji hupanda bei, na mfanyabiashara aangalie nini

Oktoba 2025 kampuni ya LEGO ya Denmark iliingiza sokoni seti ya Death Star, chombo cha kivita kinachojulikana kutoka filamu za Star Wars. Seti hiyo ina vipande 9,023 vya plastiki na bei yake nchini Marekani ilikuwa dola 999.99. Hakuna seti ya kampuni hiyo iliyowahi kuuzwa dukani kwa bei ya juu kuliko hiyo. Fedha hizo haziko mbali na bei ya pikipiki mpya ya bodaboda.

Kwa upande mwingine, zipo seti za zamani ambazo hazitengenezwi tena na ambazo wakusanyaji hununua kwa bei mara kadhaa ya ile ya mwanzo. Habari hizi zimewavutia wafanyabiashara wengi, wakiwemo wanaoagiza mizigo kutoka China, Dubai na Ulaya, na wako wanaojiuliza kama mtaji unaweza kuwekwa humo. Makala hii inaeleza bidhaa yenyewe, kinachopandisha bei yake, na mahali ambapo mtu anaweza kupoteza fedha.

BIDHAA YENYEWE

LEGO ilianzishwa mwaka 1932 na fundi seremala Ole Kirk Kristiansen katika mji mdogo wa Billund, Denmark. Jina lake linatokana na maneno ya Kidenmaki yenye maana ya "cheza vizuri". Mwanzoni ilitengeneza vitu vya kuchezea vya mbao. Tofali la kwanza la plastiki lilitoka mwaka 1949, likifuata tofali la kampuni ya Kiingereza ya Kiddicraft.

Umbo tunalolijua leo liliombewa hataza tarehe 28 Januari 1958. Juu ya tofali kuna vitufe vya duara na ndani yake kuna mirija. Vitufe vya tofali moja hubana kwenye mirija ya jingine, na ndiyo maana kitu kilichojengwa hakibomoki ovyo. Umbali kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi kingine ni milimita 8, na kimo cha tofali la kawaida ni milimita 9.6. Vipimo hivyo havijabadilika, kwa hiyo tofali la mwaka 1958 linaingiana na la leo.

Plastiki inayotumika zaidi ni ABS, ambayo ilianza kutumika mwaka 1963. Huyeyushwa kwa joto la takriban nyuzi 230 na kusindiliwa ndani ya kalibu, yaani chuma kilichochongwa kwa umbo la kipande. Viwanda vya kampuni viko Denmark, Hungaria, Jamhuri ya Czech, Mexico na China, na Aprili 2025 kilifunguliwa kingine nchini Vietnam.

KIPANDE CHA KAWAIDA NA KIPANDE MAALUMU

Kipande cha kawaida ni kile kinachoingia katika seti nyingi: tofali la vitufe 8, bamba jembamba, gurudumu dogo. Kalibu yake hufanya kazi mfululizo kwa miaka na gharama yake hugawanywa kwa mamilioni ya vipande. Kipande kimoja huwa cha senti chache tu.

Kipande maalumu ni kile kilichotengenezwa kwa kazi moja au seti chache: mnyama, kioo cha chombo cha angani, reli ya treni, kofia ya askari fulani. Kalibu moja hugharimu makumi elfu ya dola, na zile ngumu huzidi hapo. Kikiingia katika seti mbili tu halafu kikaachwa, gharama hiyo hugawanywa kwa vipande vichache, na vilivyoko duniani haviongezeki tena.

Wenye malori wanalielewa jambo hili. Bolti hupatikana kila duka. Kipuri cha gari ambalo kiwanda kimeacha kulitengeneza hutafutwa kwa simu kutoka mji hadi mji, na aliyenacho ndiye anayetaja bei.

Mifano ifuatayo ni maarufu miongoni mwa wakusanyaji:

Mbuzi. Aliingia katika seti ya soko la kijiji iliyotoka mwaka 2009 na nyingine ya mwaka 2011, kisha akatoweka. Kwa zaidi ya miaka kumi mbuzi mmoja wa plastiki, mdogo kuliko kidole gumba, aliuzwa kwa makumi ya dola.

Reli za treni ya umeme ya volti 9. Zilianza mwaka 1991 na zilikuwa na ukanda wa chuma wa kupitisha umeme. Mwaka 2007 kampuni ilitangaza kuziacha. Reli nzima pamoja na mota zake zikawa za kutafutwa.

Boba Fett wa mwaka 2003. Huyu ni kijisanamu cha mhusika wa Star Wars, na kilichapishwa rangi hadi mikononi na miguuni. Kilikuwa katika seti moja tu, na siku hizi chenyewe kina bei kubwa kuliko ile ya seti nzima ilipokuwa dukani.

Mr. Gold wa mwaka 2013. Ni kijisanamu cha rangi ya dhahabu. Vilitengenezwa 5,000 tu kwa dunia nzima na kuchanganywa na vingine katika pakiti ambazo mnunuzi hawezi kuona ndani.

Rangi nayo huhesabika. Tofali la umbo la kawaida likitolewa katika rangi iliyotumika kwa muda mfupi huwa adimu, kwa sababu anayetaka kukamilisha seti ya zamani hawezi kuweka rangi nyingine.

WINGI WA VIPANDE ULIPOKARIBIA KUIUA KAMPUNI

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, wabunifu wa LEGO waliruhusiwa kuongeza maumbo karibu watakavyo. Idadi ya aina za vipande ilipita 12,000. Kila aina ilihitaji kalibu, nafasi ya ghala na watu wa kuihesabu, na nyingi zilitumika mara moja tu. Mwaka 2003 kampuni ilipata hasara ya zaidi ya krona milioni 900, na mwaka 2004 hasara ilifikia karibu krona bilioni 1.9.

Mwaka 2004 Jørgen Vig Knudstorp alichukua uongozi. Alipunguza aina za vipande hadi takriban 7,000 na kuuza hisa kubwa ya bustani za michezo za Legoland mwaka 2005. Mbunifu aliyetaka kipande kipya alitakiwa aonyeshe kwanza kwamba vilivyopo haviwezi kufanya kazi hiyo. Kampuni ilipona, na mwaka 2024 mauzo yake yalifikia krona bilioni 74.3.

Mkusanyaji wa leo anaishi na matokeo ya uamuzi huo. Maelfu ya aina za vipande ziliachwa, na baadhi yake ndizo anazozilipia leo bei ya juu.

JE, SETI KUBWA ZIMEPANDA BEI KWELI?

Zimepanda, lakini hesabu inahitaji uangalifu. Tazama bei za dukani nchini Marekani wakati seti zilipotoka:

- Millennium Falcon ya 2007: vipande 5,197, dola 499.99, yaani takriban senti 9.6 kwa kipande.
- Millennium Falcon ya 2017: vipande 7,541, dola 799.99, yaani senti 10.6.
- Death Star ya 2025: vipande 9,023, dola 999.99, yaani senti 11.1.
- Ramani ya Dunia ya 2021: vipande 11,695, dola 249.99, yaani senti 2.1.

Kutoka 2007 hadi 2025 bei ya seti ya juu kabisa imeongezeka mara mbili, lakini bei ya kipande kimoja imepanda kwa asilimia 15 hivi. Katika kipindi hicho bei za jumla nchini Marekani zilipanda kwa zaidi ya asilimia 50. Kwa maneno mengine, kiwanda kinauza seti kubwa zaidi kuliko zamani, wakati kipande chenyewe hakijaenda na mfumuko wa bei. Tofauti moja ikumbukwe: seti za siku hizi zina vipande vingi vidogo vidogo.

Mstari wa mwisho una fundisho zaidi. Ramani ya Dunia ina vipande vingi kuliko Death Star, lakini bei yake ilikuwa robo. Sehemu kubwa ya ramani hiyo ni vigae vidogo vya duara vya umbo la kawaida. Death Star ina vijisanamu 38 pamoja na haki za jina la Star Wars, ambazo LEGO imekuwa ikizilipia tangu 1999. Anayenunua kwa kuhesabu vipande peke yake atakosea bei.

Zipo pia sababu za kawaida za gharama. Mwaka 2022 kampuni ilipandisha bei ya takriban robo ya bidhaa zake ikitaja malighafi na gharama za uendeshaji. Falcon ya 2017 ilipanda wakati huo kutoka dola 799.99 hadi 849.99 ikiwa bado dukani. Aidha, tangu 2020 kampuni imekuwa ikitoa seti zilizoandikwa umri wa miaka 18 na zaidi, kwa watu wazima wenye mishahara.

SOKO LA PILI

Seti nyingi hukaa dukani kwa mwaka mmoja hadi mitatu hivi, kisha husitishwa. Kuanzia hapo biashara huhamia mikononi mwa watu binafsi. Soko kubwa la vipande na seti za zamani ni BrickLink, lililoanzishwa kwenye intaneti mwaka 2000. LEGO yenyewe ililinunua mwaka 2019, likiwa na zaidi ya wanachama milioni moja na maduka zaidi ya 10,000 katika nchi 70.

Kazi ya muuzaji wa soko hilo inafanana na ya muuza mitumba. Hununua vipande vilivyotumika kwa kilo, huvimwaga mezani, huchambua kwa umbo, rangi na hali, kisha huuza kimoja kimoja. Faida iko katika vichache vya daraja la kwanza. Vilivyobaki hurudisha gharama tu.

Watafiti wa chuo kikuu cha Higher School of Economics cha Urusi walichunguza bei za seti 2,322 za kati ya 1987 na 2015. Walikuta kwamba seti ambazo hazijafunguliwa zilileta wastani wa angalau asilimia 11 kwa mwaka, na kwamba bei kwa kawaida huanza kupanda miaka miwili au mitatu baada ya seti kusitishwa. Kwa kiwango hicho mtaji huongezeka mara mbili katika miaka sita na nusu hivi.

Takwimu hiyo imenukuliwa sana na wauzaji. Kinachonukuliwa mara chache ni kwamba matokeo ya seti moja moja yalianzia hasara ya asilimia 50 hadi faida ya asilimia 600 kwa mwaka. Aidha, wastani huo haukutolewa kodi ya ghala, nauli, ushuru wala ada ya soko. Mfanyabiashara anayekopa benki za kwetu kwa riba ya asilimia 15 au zaidi anaanza akiwa nyuma.

HATARI KUBWA: KIWANDA KIKIRUDI SOKONI

Mwaka 2008 LEGO ilitoa seti ya Taj Mahal yenye vipande 5,922 kwa dola 299.99. Iliposimamishwa, bei yake ilipanda hadi maelfu ya dola. Waliokuwa wameweka maboksi yake stoo walijihesabu kuwa matajiri. Mwaka 2017 kampuni ikaitoa upya, karibu ileile, kwa dola 369.99. Bei ya seti ya zamani ilianguka. Mwaka huohuo Millennium Falcon mpya ilitoka, na ya 2007 nayo ikashuka.

Mbuzi naye alirudi. Mwanzoni mwa 2024 LEGO ilianza kuuza mbuzi wa umbo jipya, na mnunuzi aliyetaka mbuzi tu kwa ajili ya kijiji chake hakuwa tena na sababu ya kulipa bei ya zamani. Reli za chuma nazo sasa zinatengenezwa na kampuni nyingine ndogo.

Hapa ndipo kiini cha biashara hii kilipo. Uadimu wa kipande unategemea kalibu, na kalibu iko mikononi mwa kiwanda. Mwenye stoo hana namna ya kuzuia uamuzi wa Billund. Kabla ya kununua kwa kusubiri bei ipande, swali la kwanza ni hili: nani anaweza kukitengeneza tena kesho?

HALALI, INAYOOANA NA BANDIA

Wafanyabiashara wengi huchanganya mambo haya matatu.

Hataza ya tofali la msingi imekwisha muda wake. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa dai la kuzuia matofali ya Mega Bloks, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kuwa umbo la tofali haliwezi kusajiliwa kama alama ya biashara. Kwa hiyo kampuni nyingine inaweza kutengeneza tofali linaloingiana na LEGO na kuliuza kwa jina lake yenyewe.

Jina LEGO na nembo yake bado vinalindwa. Umbo la kijisanamu cha mtu nalo linalindwa, kama ilivyothibitishwa na mahakama ya Umoja wa Ulaya mwaka 2015. Vipande vipya maalumu vinaweza kuwa na ulinzi wa usanifu. Michoro ya seti na picha za boksi ni mali ya mwenye haki.

Bandia ni ile inayonakili hayo. Chapa ya Lepin ya China ilinakili seti za LEGO moja baada ya nyingine hadi polisi wa Shanghai walipovamia viwanda vyake mwaka 2019. Mwaka 2020 kiongozi wa mtandao huo alihukumiwa kifungo cha miaka sita na faini ya yuan milioni 90.

Kwa dalili za haraka, kipande halisi huwa na neno LEGO dogo juu ya kila kitufe, isipokuwa vipande vichache. Bandia huwa na vitufe vitupu, hubana kwa nguvu mno au hulegea, na rangi hutofautiana ndani ya mfuko mmoja. Bei ya robo kwa seti mpya inayotafutwa ni onyo tosha.

KWENYE MPAKA NA KWENYE GARI

Vitu vya kuchezea huingia katika kifungu cha 9503 cha ushuru wa forodha. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki thamani ya mzigo huanzia kwenye bei iliyolipwa kwa muuzaji, kwa mujibu wa sheria ya forodha ya mwaka 2004. Anayeagiza seti ya zamani kwa dola 2,000 hawezi kuandika bei ya dukani ya 2007 kwenye ankara. Mkusanyaji anayelipa bei hiyo huacha ushahidi wa malipo. Muulize wakala wako wa forodha mapema kama mzigo wa vitu vya kuchezea unahitaji cheti cha ubora kabla ya kupakiwa.

Kuhusu bandia, Kenya ina sheria mahususi ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa hizo, na Tanzania hutumia sheria yake ya alama za bidhaa ya mwaka 1963. Mzigo ukizuiliwa, gari nalo linaweza kusimama. Msafirishaji aombe orodha kamili ya vilivyomo kabla ya kufunga turubai.

Nje ya kanda, milango ya vifurushi vidogo imebanwa. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi kwa vifurushi vya chini ya euro 22 Julai 2021. Marekani iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya hadi dola 800 tarehe 29 Agosti 2025. Muuzaji wa kipande cha dola 5 sasa anaweza kukuta gharama za njiani zinazidi kipande.

Kwa ndege, maboksi haya hutozwa kwa nafasi. Tuseme boksi ni sentimita 60 kwa 50 kwa 20. Ukigawanya kwa 6,000, kama ilivyo desturi ya mizigo ya anga, utalipia kilo 10 hata kama mizani inasema 6.

Mkusanyaji hununua boksi pamoja na kilichomo. Kona iliyobonyea hupunguza bei hata kama vipande vyote vipo. Weka katoni ya pili kwa nje, usipange mzigo mzito juu, na kinga unyevu. Jua hugeuza vipande vyeupe na vya kijivu kuwa vya njano. Baadhi ya vipande vya kahawia nyekundu vya miaka ya 2000 huvunjika vikibanwa, hivyo visifunguliwe njiani kwa majaribio.

MASWALI KABLA YA KUTOA FEDHA

1. Seti imesitishwa, au bado iko dukani mahali fulani?
2. Ina kipande, rangi au kijisanamu kisichopatikana kwingine?
3. Kiwanda kina sababu ya kukitoa upya?
4. Bei unayoitumia ni ya seti zilizouzwa, au ni ya matangazo ya wanaotaka kuuza?
5. Umetoa nauli, ushuru, ada ya soko na riba?
6. Mnunuzi yuko wapi? Kama yuko Ulaya au Marekani, mzigo uliohifadhiwa Kampala, Kigali au Mwanza utasafiri mara mbili.

Kwa mfanyabiashara wa kanda hii, swali la sita ndilo linaloamua mara nyingi. Wakusanyaji wengi wako mbali, na faida inayoonekana kwenye orodha ya bei huliwa na safari. Anayeona nafasi ya kweli aanze na seti mbili tatu anazozifahamu, auze moja hadi fedha ziingie mkononi, ndipo aagize nyingine.